Hita inapuliza baridi: kabla hujashusha dashibodi, anza na maji ya injini

#1. Mwanzisha uzi (Mbagala)

Wakuu, habari za muda huu.

Hapa Dar hita ya gari ni kitu kinachokuja na gari kutoka Japani, kikazeeka bila kuwashwa. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, niliyoinunua kwa mtu hapa hapa mjini miaka mitatu iliyopita. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuzungusha ile swichi kwenda upande mwekundu. AC inagandisha, gari halijawahi kuchemsha mikononi mwangu, nikajua nina gari zima.

Mwezi wa saba tukapata msiba Njombe, ukweni. Tuliondoka saa nane mchana: mimi, mke wangu, shangazi yake na mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu. Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga tukapanda taratibu nyuma ya malori, Iringa tukala. Tulipopita Mafinga baridi ikaanza kuingia kwenye mifupa, nikawasha hita. Ikapuliza baridi. Nikasema labda inahitaji muda. Kilomita ishirini, thelathini, bado ni hewa ileile ya nje.

Na shida haikuwa baridi peke yake. Watu wanne mnapumua ndani ya gari dogo lililofungwa vioo, nje baridi kali. Karibu na Makambako kioo cha mbele kikajaa ukungu kwa ndani. Mke wangu akawa anafuta kwa kanga, na ukungu unarudi kabla hajafika upande wa pili, huku malori yanakuja na taa usoni. Ikabidi nishushe vioo nusu ili nione mbele, mtoto amefungwa mablanketi mawili na bado analia. Zile kilomita kama sitini kutoka Makambako hadi Njombe mjini tulizimaliza kwa karibu saa mbili. Sijawahi kuogopa barabarani kama usiku ule.

Arobaini ni mwishoni mwa mwezi huu wa nane, na tutarudi na gari hilihili na mtoto yuleyule. Ndiyo maana nimelivalia njuga.

Niliporudi nilipita gereji tatu. Ya kwanza, fundi hakufungua hata boneti. Akasema rejeta ndogo ya hita imeziba, dashibodi yote ishuke, kazi ya siku mbili. Ya pili nikaambiwa gesi ya AC imepungua. Hili naomba nilisemee, maana nimeona wengi tunalichanganya: hita haitumii gesi. Hita inatumia joto la maji ya injini. Maji yaliyokwisha kupata moto kwenye injini yanapita kwenye mpira, yanaingia kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, yanatoka kwa mpira wa pili kurudi kwenye injini. Feni inapuliza hewa kwenye hiyo rejeta ndogo, basi hewa inakufikia ikiwa na joto. Gesi ikiisha utakosa ubaridi, si joto.

Gereji ya tatu, huku Temeke, fundi kijana kabisa alifungua boneti akaniita nisogee. Kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi kuna vibomba viwili vinavyochomoza. Vyangu vilikuwa havina mipira, vimezibwa. Mipira iliyotakiwa kukaa pale ilikuwa imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba na klampu mbili. Maji yanatoka kwenye injini, yanapiga kona, yanarudi kwenye injini. Rejeta ya hita haikuwa inapata hata tone.

Kijana akaniambia ameshakutana na hiyo mara nyingi. Rejeta ya hita ikivuja, au mwenye gari akilalamika kuwa AC haipoozi vizuri, kuna mafundi wanaunganisha mipira, kazi ya nusu saa, na huku pwani hakuna atakayejua.

Tumerudisha mipira mahali pake. Nimelitazama zulia la mbele kwa siku tatu, kavu, kwa hiyo rejeta ndogo haivuji. Lakini hita bado! Nikikaa foleni inapata vuguvugu kidogo, nikifungua mwendo barabara ya Kilwa inakuwa baridi kabisa. Tenki la akiba lina maji. Mwenye uzoefu naomba anisaidie.

#2. Dereva wa Kimara

Pole sana mkuu kwa msiba, na pole kwa hiyo safari. Mimi naendesha Noah, Dar na Mbeya naenda na kurudi kila mwezi, huo ukungu naujua.

Kwa dharura tu, siku hita ikikuangusha njiani: elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, washa AC hata kama unasikia baridi, na ile swichi yenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani itoe, weka ya kuvuta hewa ya nje. AC inakausha unyevu wa hewa, kioo kinasafika. Wengi wakisikia baridi wanafunga hewa ya nje, hapo ndipo pumzi zenu zote zinaishia kwenye kioo. Ila kumbuka, sehemu kama Kitulo alfajiri ya mwezi wa saba, nje ikikaribia sifuri, kompresa ya AC yenyewe inaweza isiwake. Hita haina mbadala.

#3. Mdau wa Sinza

Mkuu, nauliza kwa nia njema. Ni safari moja au mbili kwa mwaka. Hiyo hela si bora ufanyie sevisi, ubadilishe matairi? Blanketi na jaketi vinatosha.

#4. Fundi wa Tegeta

Wakuu, nipo kwenye kazi hii muda mrefu, ngoja nichangie.

Kwanza mdau wa Sinza: maji ya hita ni yaleyale yanayopooza injini. Hakuna tenki la pili. Hita ikikosa joto, mara nyingi kuna jambo kwenye mfumo wa maji wa injini, na siku moja jambo hilo litakuchemshia gari Kitonga. Mimi nikipokea gari la kwenda mikoani nawasha hita hata kama ni saa saba mchana Tegeta na jasho linanitoka. Inaniambia mengi.

Sasa mwenye uzi. Kabla ya kununua chochote, tumia mikono yako. Injini ipate moto, hita iwe mwisho wa nyekundu, feni ndogo. Gusa ile mipira miwili inayoingia kwenye ukuta, kwa uangalifu, usishike chuma na usisogelee feni ya rejeta.

Yote miwili ya moto: maji yanapita, shida iko ndani, kwenye kijimlango kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi. Mmoja wa moto na mwingine umepoa kabisa: rejeta ndogo imeziba kwa kutu au chumvi. Yote miwili vuguvugu: maji yenyewe hayana joto, au ni machache, au yana hewa ndani.

Halafu angalia tabia yake. Hita ikiwa baridi kwenye sailensa (gari limesimama, injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) na ikapata joto ukipiga resi, shuku maji pungufu, hewa, au pampu ya maji iliyochoka. Ikiwa kinyume chake, yaani foleni joto na mwendo baridi kama unavyosema, mimi nashuku themostati, ule mlango mdogo unaozuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka injini ipate moto. Imekwama ikiwa wazi, au haipo.

Swali: hiyo IST haina mshale wa joto, ina taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikizidi moto. Taa ya bluu asubuhi inachukua muda gani kuzimika? Na imewahi kurudi ukiwa kwenye mwendo?

Jambo la mwisho, tenki la akiba linadanganya. Fungua mfuniko wa rejeta yenyewe, injini ikiwa IMEPOA, uangalie. Likiwa la moto usiguse, nimeona watu wameungua uso.

#5. Mwanzisha uzi

Fundi, umenifumbua macho. Taa ya bluu! Nilizoea asubuhi kutoka Mbagala nayo, inazimika nikiwa nimefika Mtoni Kijichi au zaidi. Nilidhani ndivyo gari lilivyo. Na sasa nakumbuka, tukishuka Kitonga wakati wa kurudi ilijiwasha tena kwa dakika kadhaa. Nikaona ni salama tu, kwani ni bluu, si nyekundu.

Mipira yote miwili ni vuguvugu, naishika bila shida.

Leo asubuhi nimefungua mfuniko wa rejeta gari likiwa limelala usiku kucha. Wakuu, maji yalikuwa chini, sikuyaona, wakati tenki la akiba limejaa mpaka mstari wa juu. Na yaliyomo ni rangi ya chai ya rangi. Mpira wa chini ya mfuniko umepasuka pasuka.

Kesho naenda kwa yule kijana wa Temeke tufungue themostati.

#6. Fundi wa Tegeta

Hapo umeshapata moja. Gari likipata moto maji yanatanuka, mfuniko unayaruhusu kwenda tenki la akiba. Likipoa, mfuniko mzima unayavuta kurudi. Ukiwa umepasuka hauvuti maji, unavuta hewa. Rejeta inabaki na upungufu na tenki linabaki limejaa, mwenye gari anaridhika.

Na mfuniko ndio unaoshikilia presha. Wenye alama ya 1.1 unafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Huko Njombe, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kwa hiyo mfuniko mbovu unaovumilika Mbagala, huko juu hauvumiliki.

#7. Mwanzisha uzi

Nimerudi. Themostati HAIPO.

Kwa injini ya 1NZ ilibidi altaneta ishushwe kwanza ndipo ufikie nyumba yake. Kijana akafungua nati mbili, akatoa kile kifuniko, ndani patupu. Kuna gundi ya silikoni tu imepakwa kuzunguka.

Nikampigia aliyeniuzia. Ni muungwana, hakuficha. Aliwahi kuchemshiwa na gari Chalinze kwenye foleni, akaenda gereji, fundi akatoa themostati akamwambia Dar hakuna baridi, hicho kitu ni cha Ulaya. Na akaunganisha mipira ya hita siku hiyohiyo, ili kupunguza sehemu za kuvuja. Nikamuuliza kama walibadilisha mfuniko wa rejeta. Akasema hakuna aliyeuangalia.

Nimekaa nalo hili usiku mzima. Kitu kilichokuwa kibovu, kipande kidogo cha mpira, kiliachwa pale pale. Vilivyotolewa ni vile vizima.

#8. Mdau wa Ubungo

Mkuu, usimlaumu sana huyo fundi. Gari yangu imetolewa themostati huu mwaka wa tano, haijachemsha hata siku moja. Joto letu hili la nini tena kuizuia injini isipoe?

#9. Fundi wa Tegeta

Ndugu yangu wa Ubungo, hoja yako naisikia kila siku, ngoja nikujibu vizuri kwa sababu inaharibu magari ya watu wengi.

Injini haitakiwi kupoa tu. Inatakiwa kukaa kwenye joto lake. Themostati za Toyota nyingi zinaanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Chini ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini na kwenye hita, rejeta kubwa haiguswi. Joto likifika, mlango unafunguka kidogo kidogo. Joto la hewa ya Dar ni nyuzi 30. Kati ya 30 na 82 kuna safari ndefu, na ukiwa kwenye mwendo upepo wa mbele unaipooza rejeta kuliko injini inavyoweza kupata moto.

Injini ikikaa baridi, kompyuta ya gari inasoma kwamba ndiyo kwanza umewasha asubuhi, inaongeza mafuta. Unakunywa petroli zaidi na hujui kwa nini. Oili haipati joto la kukausha unyevu, inageuka tope. Gia za otomatiki kwenye Toyota nyingi zinasubiri maji yapate joto ndipo gia ya juu ikubali vizuri. Magari mengi yanawasha taa ya injini kwa msimbo P0128, yaani maji hayafikii joto lake, mtu anafuta taa, kesho inarudi.

Na hili la mwisho wengi hawalijui. Themostati nyingi za Toyota zina sahani mbili. Sahani ya juu inafungua njia ya kwenda rejeta, ya chini inafunga njia ya mkato. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi milele. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Tambarare hutajua. Panda mlima na mzigo, ndipo gari linachemsha bila themostati, na fundi anakuambia "hata themostati hakuna, sasa hii ni gasketi".

Gari likichemsha tafuta kwa nini: mfuniko, feni ya rejeta, pampu, rejeta iliyoziba, mpira unaovuja. Kama ni themostati yenyewe imekwama, weka nyingine. Usiache tundu.

#10. Mdau wa Ubungo

Nimekuelewa fundi. Na kweli ulaji wa mafuta umekuwa unanisumbua. Nitaifungua niangalie.

#11. Mwanzisha uzi

Taarifa ya wikiendi, naandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Nilienda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea hapa Dar, kutafuta themostati. Kuna za bei ya chini sana, nyepesi mkononi, nikaziacha. Niliyochukua niliipima nyumbani kabla haijafungwa: nimeitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, nimeining'iniza kwa uzi isiguse chini, na kipimajoto pembeni. Mpaka nyuzi 80 imefumba kimya. Ilipopita 82 ikaanza kufungua mdomo, na maji yalipokaribia kuchemka ilikuwa wazi kabisa. Nikaitoa, ikafumba yenyewe. Mke wangu aliacha kupika akaja kutazama. Kazi ya dakika kumi na tano, na ingeokoa watu wengi kufunga mbovu juu ya mbovu.

Kabla ya kuifunga tulisafisha mfumo. Ile rangi ya chai ni kutu, na kuna chumvi nyeupe iliyoganda kwenye midomo ya mipira. Aliyenitangulia alikuwa anaongeza maji ya kisima. Wenzangu wa huku pwani mnajua visima vyetu vingi vina chumvi, hata chai inakataa. Sasa fikiria hayo maji yanazunguka kwenye aluminiamu miaka yote.

Rejeta ndogo tuliisafisha kwa kutoa mipira yote miwili pale ukutani na kupitisha maji ya bomba taratibu kwa njia ya kinyume, yaani kuingiza pale yanapotokea. Yalianza kutoka mekundu, yakawa kahawia, yakaja meupe. Jirani mmoja wa gereji alitaka atie upepo wa kompresa ili iwe haraka. Yule kijana alikataa kata kata, na nikamuunga mkono. Kile ni kitu chembamba, ukikipasua ndipo dashibodi inashuka kweli.

Themostati tuliifunga na raba yake mpya. Kile kitundu chenye kijipini kinachocheza kilikaa juu, ili hewa ipate pa kutokea. Mfuniko mpya wa 1.1. Kulanti (maji maalumu ya kupooza injini) niliyochukua ni ya waridi iliyokwisha kuchanganywa, haiongezwi maji. Ukichukua ile nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya kutilia betri, si ya bomba. Hatuweki kulanti kwa sababu ya barafu, tunaweka kwa sababu ya kutu.

Tukawasha. Hita ikaja moto, nikashangilia. Nikarudi nyumbani, nikakaa foleni ya Mtongani, ikawa baridi. Nikipiga resi inakuja moto, nikiachia inapoa. Kinyume kabisa na mwanzo! Nikakumbuka maneno ya fundi hapo juu: hewa.

Asubuhi yake nikaitoa hivi. Gari limepoa, nimelipandisha kwenye kimwinuko cha getini ili pua iwe juu kuliko mkia. Mfuniko wa rejeta nje, hita mwisho wa nyekundu, AC imezimwa. Nikajaza mpaka mdomoni, nikawasha, nikaiacha sailensa. Maji yanashuka, naongeza. Nikawa nabinya mpira wa juu wa rejeta kwa mkono kama unavyokamua, mapovu yanapanda. Baada ya muda mpira wa chini ukapata moto ghafla, nikajua themostati imefunguka, na pakatoka mlio wa gulugulu na povu kubwa, maji yakashuka kama nusu lita. Nikaongeza. Nikasubiri feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili, mapovu yakaisha, nikafunga mfuniko. Lilipopoa jioni nikaangalia tena, lilikuwa linahitaji kidogo tu.

Kwa joto letu mkono haukupi jibu la uhakika kama hita ni nzuri, kila kitu ni cha moto. Nikachomeka kile kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la katikati. Sailensa: 54. Kwenye mwendo: 58. Na taa ya bluu sasa inazimika kabla sijafika Mbagala Rangi Tatu.

Gharama msiniulize sana maana bei zinabadilika, ila themostati, mfuniko, kulanti na ufundi kwa pamoja havikufika nusu ya nilichoambiwa kwa kushusha dashibodi peke yake.

#12. Dada wa Mikocheni

Kaka, hongera, nimesoma uzi wote. Langu ni tofauti kidogo. Nina Toyota Crown yenye AC ya otomatiki, ya kuweka namba ya joto. Nimeigusa mipira kama alivyoelekeza fundi, yote ya moto. Lakini nikiweka nyuzi 30 abiria anapata joto na mimi napata baridi. Nako ni maji?

#13. Fundi wa Tegeta

Hapana dada, hapo maji yamefika. Upande wako kijimlango cha kuchanganya hewa hakijageuka. Kwenye gari kama hiyo kinasukumwa na mota ndogo, na kila upande una yake. Zima muziki, badilisha joto kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, sikiliza chini ya dashibodi. Ukisikia inakwaruza au inagonga tik-tik, meno ya plastiki yamekatika. Ukisikia kimya, mota au waya wake.

Toyota nyingi za otomatiki zinaweza kujipima zenyewe: shikilia kitufe cha AUTO pamoja na cha kuzungusha hewa ya ndani, halafu washa swichi ya gari. Taa zote zitamulika, kisha itakupa namba. Iandike uniletee.

Kwa magari ya swichi ya kuzungusha kama IST, kazi hiyo inafanywa na waya. Huwa unachomoka kwenye klipu yake, hasa baada ya mtu kufunga redio mpya. Unapachikwa kwa mkono, bure.

Na niongeze mawili msije mkakimbilia themostati kila mara. Ukisikia harufu tamu ndani ya gari, kioo kinapata ukungu wenye utelezi kama mafuta, na zulia la mbele limelowa, rejeta ndogo inavuja, hiyo ndiyo dashibodi ya kushusha kwa haki. Na kama unatoa hewa leo, kesho imo tena, maji yanapungua na hakuna tone chini ya gari, mapovu hayaishi kwenye rejeta, moshi mweupe mzito nyuma hata injini ikishapata moto: acha kuliendesha. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, kila kilomita unaongeza gharama.

#14. Dada wa Mikocheni

Nimesikia tik-tik. Asante sana fundi, umeniokolea siku mbili za gereji.

#15. Mdau wa Sinza

Mwenye uzi, jana nimefungua mfuniko wa rejeta yangu asubuhi baada ya kusoma huu uzi. Sikuyaona maji. Tenki limejaa. Nashukuru sana, nilikuwa naenda Tanga wiki ijayo.

#16. Mwanzisha uzi

Wakuu, tumerudi salama kutoka arobaini.

Safari hii tuliondoka alfajiri, lakini mvua na foleni ya malori Kitonga vilituchelewesha, Makambako tukaingia usiku uleule na baridi ileile. Nilipopandisha Kitonga nilikuwa naangalia dashibodi kuliko barabara ilivyonitaka: hakuna bluu, hakuna nyekundu. Baada ya Mafinga nikawasha hita, nusu kwenye kioo, nusu miguuni. Kioo kilikuwa safi kama mchana. Shangazi alivua viatu. Mtoto alilala kuanzia Makambako mpaka getini kwa babu yake, na tukamshusha akiwa amevaa shati tu.

Kwa dereva wa Kimara: ushauri wako wa kuwasha AC na hita kwa pamoja nimeutumia kwenye ile mvua. Kioo kilisafika kwa muda mfupi mno, kavu na joto vikienda pamoja. Hili sikulijua.

Kimebaki kitu kimoja. Mpira mmoja wa hita, ule uliokuwa umekatwa na kuunganishwa, una unyevu kidogo kwenye klampu. Nimeshanunua mpya, Jumamosi kijana ataubadilisha. Nimeamua ndiye fundi wangu, kwa sababu alifungua boneti na kuniita nisogee.

Kabla ya safari nilichora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye tenki la akiba. Leo asubuhi, gari likiwa limepoa, nimefungua rejeta: maji yapo mdomoni. Nimetazama tenki: yamekaa kama upana wa kidole kimoja chini ya mstari wangu, na huo upana ndio unaolingana na ule unyevu wa klampu.